Mtungi wa Wajane Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo sina sungura wala fisi. Nina wanawake watatu, mtungi mmoja wa pombe na mwanamume mmoja aliyekufa. Mkitaka kucheka chekeni mapema, maana huko mbele nafasi ni ndogo. Na nikifika mwisho asije mtu akaniuliza, "Enhe, ikawaje?" Leo nimekuja kuuliza mimi.

Basi huko Malowa, nchi ya mtama na vumbi, aliishi mtu akiitwa Luhende. Alikuwa mkulima hodari na mtu wa maneno mazuri. Ukikutana naye njiani ukiwa na huzuni, mkiachana umeshasahau ulichokuwa unalilia. Alikuwa na nyumba ya tofali, na bondeni alikuwa na shamba ambalo hata mwaka wa ukame halikosi unyevu. Watu wa Malowa walimwonea wivu kwa shamba lile kuliko walivyomwonea kwa wake zake. Na wake zake walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Mkubwa aliitwa Minza. Huyu alijua kutunza. Kitu kikishaingia mikononi mwake hakipotei, hakiozi, hakivunjiki. Chungu alichokuja nacho siku ya harusi ndicho alichokuwa bado akipikia mboga nywele zikiwa zimeshageuka mvi. Watu tu ndio hakuweza kuwatunza: wazazi wake walishakufa, na watoto wawili aliowazaa aliwazika kabla hawajaota meno yote. Kwao alikozaliwa kulishakuwa kichaka.

Wa pili aliitwa Wande. Huyu alijua kuotesha. Mbegu iliyokataa kwa watu ikipelekwa kwa Wande inakubali. Alikuwa akiongea na miche yake kama anavyoongea mtu na kuku, kwa kuikaripia, na miche ilimtii. Alikuwa na watoto wanne, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni.

Wa tatu aliitwa Nkwimba, na huyu alikuwa na mkono. Sina neno jingine. Mama yake, huko ng'ambo ya mto, alikuwa mpika pombe, na Nkwimba alikua akicheza kati ya mitungi. Akigusa chungu kwa nje atakuambia ndani kuna joto kiasi gani, na hakosei. Hakujaliwa mtoto. Watu wa Malowa walisema mengi juu ya hilo, na mimi sitawasaidia kuyarudia.

Msifikiri walipendana kama pacha. Waligombana juu ya kuni, juu ya kuku, juu ya nani kaacha mlango wa zizi wazi. Lakini mmoja akiumwa, wawili walimpikia uji, na mtoto wa Wande akilia usiku aliyekuwa karibu ndiye aliyembeba. Nimeona nyumba za mke mmoja ambazo hazina hata hayo.

Luhende akafa. Alianguka shambani jembe likiwa mkononi, na walipomfikia alikuwa ameshamaliza. Wakamzika, wakalia, tanga likawekwa, na mwaka ukaanza kuhesabiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shauri lenyewe. Huko Malowa mwaka wa msiba ukiisha, tanga linaanuliwa kwa pombe. Pombe hiyo inapikwa na wajane wenyewe, kila mmoja mtungi wake, kwa nafaka iliyotoka shambani kwa marehemu na si kwingine. Dada wa marehemu anaonja mitungi yote, kisha anataja jina moja. Mjane aliyetajwa nyumba ni yake na shamba ni lake mpaka afe. Wajane wengine wanatoka kabla jua halijazama, na kanga walizovaa, na hawalali tena ndani ya ua ule. Watoto wao wanabaki kwa ukoo. Mitungi yote ikiharibika, au mtungi ukinywewa mpaka chini jina halijatajwa, basi nyumba na shamba vinakwenda kwa ndugu wa kiume wa marehemu.

Nani aliitunga sheria hiyo? Mimi sikuwepo. Ila nina hakika alikuwa mwanamume, tena ameshiba.

Ndugu wa kiume wa Luhende alikuwa mmoja, Shija. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha watoto. Alikuwa mtu wa kupita tu. Tangu kaka yake azikwe alikuwa akipita pale nyumbani kusalimia, na kila akisalimia macho yake yalikuwa bondeni.

Mwaka ule fukusi waliingia Malowa. Waliingia vihenge vyote, na ukishika nafaka ilibaki unga na maganda mkononi. Kihenge cha Wande kililiwa chote. Kihenge cha Nkwimba kililiwa chote. Wande na Nkwimba walipokuja kumtazama Minza, walimkuta amekaa jikoni, anawanyoshea kidole juu.

Juu ya meko, darini, Minza alikuwa amening'iniza gunia moja la mtama wa Luhende. Tangu siku ya mazishi aliwasha moto wa moshi chini yake kila siku, kuni mbichi, macho yakimwaga machozi, kifua kikimbana mpaka akawa anakohoa kama mvuta tumbaku. Wenzake walimcheka kwamba anakausha mtama kama samaki. Sasa hawakucheka. Mtama ulikuwa mzima, mkavu, mweusi kidogo kwa moshi, na fukusi hakuugusa. Katika Malowa nzima hiyo ndiyo ilikuwa nafaka pekee iliyojulikana kubaki ya jasho la Luhende, na asingekuwa Minza mtungi usingepikwa. Alipolishusha lile gunia mgongo ulikataa kunyooka, na haukunyooka tena.

"Mtama wa mtungi mmoja tu," alisema. "Mitungi mitatu hautoshi."

Wakatazamana. Ndipo wakakubaliana pale pale jikoni, moshi ukiwa machoni.

"Tupike mmoja, sote," alisema Minza. "Wifi akiuliza nani kapika, tunasema sisi. Akiuliza tena, tunasema sisi. Mpaka wachoke."

"Na wasipochoka, dada?" aliuliza Nkwimba.

"Watachoka. Watu wakishakunywa huchoka haraka."

Wande alikuwa anaung'ata mtama kwa meno ya mbele.

Kila anayejua pombe anajua kwamba nafaka kavu peke yake haifanyi pombe. Lazima uiloweke, uioteshe, uianike, uisage, ndipo iwe kimea. Minza akaloweka mtama wake kiasi, akautandaza juu ya gunia, akaufunika, akaunyunyizia maji, akangoja. Akafunua: hakuna kitu. Akafunika, akangoja. Alipofunua tena, harufu iliyotoka ikawafanya wote warudi nyuma. Ule moshi uliofukuza fukusi ulikuwa umeua na uhai wa punje. Minza alikuwa ameutunza mtama vizuri kiasi kwamba hakuna kilichobaki hai ndani yake. Alikaa chini, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamsikia.

Ule uliooza wakaumwaga. Uliobaki ukawa bado unatosha mtungi, lakini ulikuwa nafaka mfu.

Hapo Wande akaenda chumbani kwake, akafukua chini ya kitanda, akatoka na kibuyu kilichozibwa kwa majivu na udongo. Ndani yake mlikuwa na mbegu zake za ulezi, alizozichagua punje kwa punje kutoka lile shamba la bondeni, mavuno ya mwisho ya Luhende. Alikuwa amezificha hata watoto wasizijue, kwa sababu watoto wenye njaa hawaulizi mbegu ni nini. Kuna jioni wale wanne walilala kwa maji ya moto yenye chumvi, na kibuyu kilikuwa chini ya kitanda kile kile walicholalia.

"Utapanda nini mvua zikija?" Minza alimwuliza.

"Nikikosa shamba nitazipanda wapi?"

Akakivunja kibuyu. Akauloweka ulezi, akautandaza juu ya gunia bichi, akaufunika kwa majani ya mbarika, akawa anaukaripia asubuhi na jioni. Ukaota. Vimizizi vyeupe vikashikana mpaka ukawa kama mkeka, ukiinua pembe moja wote unainuka. Akauanika, akausaga kwenye jiwe, na kimea kikapatikana, kitamu ukikilamba. Kilikuwa kidogo, cha kujaza bakuli tu. Katika Malowa nzima hapakuwa na mbegu nyingine ya Luhende, na sasa hiyo nayo ilikuwa imekuwa unga.

"Hiki hakitoshi mtungi," alisema Minza.

"Kinatosha," alisema Nkwimba. "Ila hakitoshi mara mbili. Tukikosea, ndiyo basi."

Akawaeleza alivyofundishwa na mama yake. Mtama mfu hauwezi kuwa mtamu wenyewe. Kwanza upikwe uji mzito, uive mpaka punje zifunguke. Kisha upoe, lakini usipoe sana. Kimea ukikitia kwenye uji unaochemka, umekipika, na kimea kilichopikwa hakina kazi. Ukikitia uji ukiwa umeshapoa, utapata uji mchachu wa kuwapa nguruwe. Kuna joto moja katikati, na likipita halirudi. Kwenye joto hilo kimea kidogo kinaweza kuuamsha mtama wote.

Wakaupika uji mchana, uani, kwenye chungu kikubwa cha Minza. Ulikuwa mzito mpaka mwiko ukasimama wenyewe katikati. Wakaondoa kuni, na Nkwimba akakaa pembeni, kiwiko chake kikienda na kurudi juu ya ule uji, kinagusa na kuinuka, kinagusa na kuinuka.

Shija akapita, kama kawaida yake.

"Shemeji zangu, kimea hicho mnakingojea nini? Mwagieni uji ungali wa moto, ndivyo wanavyofanya wote."

Sijui kama alikuwa mjinga au mjanja. Wapo watu ambao hawajui wenyewe.

"Shemeji," alisema Nkwimba bila kugeuka, "ukitaka ugali, njoo jioni."

Wakati huo huo kaka wawili wa Nkwimba wakaingia uani na baiskeli. Walikuwa wametoka ng'ambo ya mto, na mawingu yalikuwa mazito upande ule. Huko Malowa mjane asiye na mtoto ana ruhusa ya kuchukuliwa na watu wake kabla pombe haijaiva, na akichukuliwa hivyo haondoki kwa aibu.

"Nkwimba, panda," alisema mkubwa wao. "Baba keshazungumza na mtu. Mgane, ana ng'ombe, ana nyumba. Anakungoja."

"Nisubirini. Uji haujafika."

"Mto unajaa. Tukichelewa hatuvuki."

"Nikiondoka, hawa hawawezi. Nisubirini kidogo tu."

Kaka zake wakasubiri kidogo, wakitazama mawingu. Minza na Wande walisimama, na hakuna aliyemwambia aende wala akae. Nkwimba akagusa uji kwa kiwiko, akatikisa kichwa. Bado.

"Baba kasema tukirudi bila wewe, hatutumwi tena," alisema yule kaka. "Na wewe usije ukabisha hodi pale."

"Nimesikia," alisema Nkwimba.

Wakapanda baiskeli, wakaondoka. Hakuwatazama. Aligusa uji, akaacha kiwiko pale kwa muda, akasema kwa sauti ndogo, "Leteni." Wande akamwaga kimea, akabakiza konzi moja ya kuchachulia, Minza akakoroga. Wakakifunika chungu kwa magunia, juu yake wakaweka mablanketi yote ya nyumba, na Nkwimba akakaa akikikumbatia ili upepo usikipoze, mvua ikianza kumnyeshea mgongoni.

Walipofunua, ule mwiko uliokuwa umesimama ulianza kuinama, ukaenda polepole, ukalala. Uji mzito ulikuwa umelegea ukawa kama maji ya mto. Minza akachovya kidole, akalamba, akampa Wande, Wande akampa Nkwimba. Ulikuwa mtamu kama una asali, na hapakuwa na mtu aliyeutia asali. Wakacheka wote watatu, wamelowa, wameshikana mabega. Nataka mkumbuke kwamba walicheka, kwa sababu hawakucheka tena pamoja.

Mengine mnayajua. Wakaupika tena, wakaupoza, wakatia kile kimea kidogo walichokuwa wamebakiza, wakaacha uchachuke ndani ya mtungi. Ukavimba, ukatoa povu, ukaongea wenyewe kwa ndani. Wakauchuja, machicha wakawapa kuku. Siku ya kuanua tanga ikafika.

Wazee wa ukoo wakakaa kwenye viti. Shija akakaa karibu na mtungi. Dada wa marehemu aliitwa Mbuke, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Yeye mwenyewe zamani alitolewa kwenye ua wa mumewe kwa sheria hii hii, akarudi kwa kaka yake na kanga mbili. Ungedhani huyo angeichukia sheria. Lakini wapo watu ambao wakishaumizwa na kitu, hawapendi kusikia kwamba kingeweza kuepukwa.

Mbuke akachota kwa kata, akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena, na wazee wakatazamana, maana haikuwa desturi yake kurudia.

"Pombe imekubali," alisema. "Nani kaipika?"

"Sisi," walijibu wote watatu.

"Nimeuliza nani."

"Sisi, wifi."

"Wifi zangu, mimi sikuja kucheza. Nina jina moja la kutaja, na likishatajwa sharti liwe la kweli. Mkinificha, mnampa Shija. Kunyweni, wazee."

Kata ikaanza kuzunguka. Shija alikuwa anahimiza watu wanywe. Alimjazia huyu, akamwongeza yule, na yeye mwenyewe alikunywa kama aliyelipwa. Mtungi haukuwa mkubwa. Wajane walisimama wameshikana mikono, na kila kata ilipoinuka waliiona, na kila ilipotumbukia ilikwenda chini zaidi.

Aliyeachia mkono kwanza alikuwa Minza. Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu, nikashindwa.

"Wifi," alisema, "kuna jambo sijapata kulisema. Lile shamba Luhende alinipa mimi. Siku tulipomzika mtoto wa pili, alinishika mkono akasema, 'Minza, nikitangulia mimi, shamba la bondeni ni lako. Ila usimwambie mtu.'"

Wande akageuka polepole.

"Usimwambie mtu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi aliniambia nilipomzaa huyu wa mgongoni. Shamba ni lako, mama watoto. Usimwambie mtu."

Nkwimba akatoa sauti ambayo mtu wa mbali angedhani ni kicheko.

"Mimi aliniambia pale pale shambani," alisema. "Tumekaa kwenye tuta. Alisema kwa sababu sina mtoto, lazima niwe na kitu."

Wazee wakacheka. Mmoja akajipiga goti akasema, "Luhende yule, jamani," kama mtu anayemsifu fundi. Walicheka wakanywa, na wanawake watatu walisimama katikati ya kicheko kile wakiwa hawana tena wa kumlilia. Mwaka mzima walikuwa wamemlilia mtu mmoja, na kila mmoja alidhani machozi yake yana sababu kuliko ya mwenzake. Mimi nikifika hapa hasira hunipanda, na hasira yenyewe sina wa kumpelekea, maana mwenyewe yuko kaburini amelala vizuri.

Baada ya hapo maneno yalitoka.

"Nafaka ni yangu," alisema Minza. "Nimeilinda mwaka mzima, nimeharibu kifua na mgongo. Bila mimi mngepika maji."

"Nafaka yako ilikuwa imekufa," alisema Wande. "Uliikausha mpaka roho. Mimi ndiye niliyeifufua, kwa mbegu nilizowanyima wanangu."

"Na mbegu zako zingefanya nini? Uji wa bakuli moja?" alisema Nkwimba. "Bila mkono wangu mngewanywesha wazee gundi. Nimewafukuza kaka zangu kwa ajili ya mtungi huu."

"Mkono unaondoka nao," Minza alimwambia. "Popote utakapokwenda duniani utapika pombe na utakula. Mimi naondoka na nini, kikohozi?"

"Niende wapi? Nyinyi wawili mlisimama pale mkawaona wanaondoka. Hata neno moja hamkusema."

"Nyote mtaondoka na miili yenu," alisema Wande, na sasa alikuwa analia. "Mimi naacha watoto wanne. Huyu hajaacha kunyonya. Mnataka nimtoe mgongoni nimkabidhi nani, Shija?"

"Angalau wewe unao wa kuwaacha," alisema Minza.

Lilikuwa neno la kumpiga Wande, lakini lilipita likampiga na Nkwimba, na likarudi kwa Minza mwenyewe. Hata wazee waliacha kunywa. Shija peke yake ndiye aliyechota.

Mbuke alikuwa amesimama wakati wote huo. Aliwatazama mmoja mmoja. Akanyosha mkono, akampokonya Shija kata.

Sasa nawarudia nyinyi mliokaa hapa mmenitolea macho.

Najua yupo atakayesema wagawane. Nimeshawaambia, Malowa hakuna kugawana. Yupo atakayesema sheria yenyewe ni mbovu, ifutwe. Ni mbovu kweli, nami nitakusindikiza ukaifute, lakini tukifika huko watakuwa wameshatolewa wote watatu, na Shija atakuwa anapima matuta.

Mkimtaja Minza, mmempa aliyekitunza kitu mwaka mzima wakati wenzake hata hawakujua kitahitajika, na ambaye hana kwingine duniani. Lakini mtama wake ulikuwa umekufa, na ni yeye aliyeuua, na ni yeye aliyeachia mkono kwanza. Na usiku wa leo Wande atalala njiani matiti yakimuuma.

Mkimtaja Wande, watoto wanne watabaki na mama yao. Lakini Wande aliulizwa kupika, hakuulizwa kuzaa. Bakuli lake la kimea halikuwa na uzito kuliko mgongo wa Minza uliopinda. Na mtamwangalia Minza usoni, na uzee wake ule, mmwambie kwamba anafukuzwa kwa sababu wanawe walikufa.

Mkimtaja Nkwimba, mmemlipa aliyekuwa na njia ya kutokea akaiacha ipite, kwa kuwa kiwiko chake kilisema bado. Lakini yeye ni kijana, mkono wake ni chakula popote, na alikuja juzi nyumba ikiwa imeshajengwa na wenzake. Na akibaki, atakaa peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, akisikia watoto wa Wande wakilia kwa Shija.

Mbuke ametumbukiza kata, na imegusa chini, tumeisikia sote. Imetoka na pombe ya mtu mmoja. Wanawake watatu wanamtazama yeye, na hakuna anayemtazama mwenzake. Shija amefuta mdomo, anangoja.

Je, wewe ungemtaja nani?